Gari ikikaa muda mrefu inaharibika vipi, na uiacheje ukisafiri (hasa kwa sisi wa Tanga)

Tanga watu wanasafiri sana na magari yanabaki nyumbani. Kuna mabaharia wanaoondoka miezi sita mpaka tisa, kuna waliopata kazi Oman, kuna watumishi waliohamishiwa Kigoma au Rukwa huko na wameona bora wasiende na kigari chao, kuna wanaoenda kusoma, halafu kuna wazee wetu ambao gari ipo tu bandani maana macho hayaruhusu tena kuendesha lakini ukiwaambia wauze unatafuta ugomvi. Na karibu wote wanaacha maagizo yaleyale: "Mdogo wangu, funguo hizi hapa, uwe unaiwasha kila Jumapili dakika tano tano." Basi, mtu anaona kamaliza, anapanda basi pale Kange roho kwatu.

Mimi nasema hizo dakika tano za Jumapili zinaua magari mengi kuliko kutowasha kabisa. Najua ukisema hivi kijiweni unabishiwa mpaka kahawa inapoa, ndo maana nimeamua kukaa niandike vizuri. Gari ina njia mbili tu salama, ama itembee kweli ama ilazwe kweli. Kuiwasha kidogo halafu ukaizima kabla haijapata moto sio kutembea na sio kulala, ni kuisumbua tu.

Tuanze na injini maana ndo penye ubishi. Petroli ikiungua ndani ya silinda inatoa maji. Yani maji haya haya, kwa sababu petroli ina haidrojeni ndani yake, na haidrojeni ikiungua inashikana na oksijeni ya hewa inakuwa maji. Na sio matone mawili matatu, lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, ila yanatoka kama mvuke ndo maana huyaoni. Gari ikiwa imepata moto vizuri ule mvuke unapita kwenye ekzosi unaenda zake. Gari ikiwa ya baridi mvuke unakutana na bomba la baridi unageuka maji hapohapo, si unaonaga asubuhi gari inadondosha maji nyuma? Sasa wewe ukiwasha dakika tano ukazima, yale maji hayajatoka, yamelala ndani ya ekzosi yakiwa yamechanganyika na masizi na asidi kidogo, yanakula bomba kuanzia ndani kwenda nje. Wiki ijayo unaongeza mengine.

Na sio ekzosi peke yake. Kiasi fulani cha huo mvuke kinapenya pembeni ya ringi za pistoni kinashuka kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, kuungana na oili. Afu injini ikiwa ya baridi kompyuta yake inamwaga petroli nyingi kuliko kawaida ili iweze kuwaka, na petroli isiyoungua yote inateremka kwenye kuta za silinda inaosha ile oili iliyokuwa inazilinda, nayo inaishia sampo. Ukiendesha gari nusu saa oili inapata moto vya kutosha, maji na petroli vinafuka vinatoka. Ukiishia dakika tano vinabaki. Fanya hivo Jumapili kwa Jumapili miezi saba halafu ufungue uone.

Niliona moja hivi gereji Makorora, IST ya bwana mmoja wa melini. Fundi kafungua kifuniko cha oili pale juu ya injini, kukigeuza tu upande wa chini kumegandia ute mzito wenye rangi ya chai ya maziwa, kachota kwa kidole kauonyesha. Mwenye gari kashtuka, "Fundi, mbona shemeji yangu alikuwa anaiwasha kila wiki?" Fundi anafuta mkono kwenye ovaroli huku anacheka, "Ndo ugonjwa wenyewe huo bosi, ameiwasha sana hajaitembeza." Kwa kuongezea tu, ukiona huo ute usikubali haraka haraka kuambiwa gasketi ya silinda imeungua ufunguliwe injini nzima, angalia kwanza maji ya rejeta kama yanapungua. Kama rejeta iko vilevile na gari ilikuwa inawashwa bila kutembezwa, mara nyingi ni unyevu tu, unamwaga oili, unaweka mpya na filta, unatembea safari ya maana, unaangalia tena.

Kwaiyo kama kuna mtu mwenye leseni na unamuamini, maagizo yake yawe aitoe gari barabarani mara moja kwa wiki mbili, aende mpaka Pongwe na kurudi bila haraka, AC ikiwa imewashwa angalau dakika kumi ili ile oili ya kompresa izunguke na sili zisikauke. Safari ya nusu saa. Kama hana muda huo asiiguse kabisa, wewe ilaze.

Kuilaza sasa ndo kuna mambo, na la kwanza linaloisumbua kila gari ni betri.

Watu wanadhani gari ikizimwa ikafungwa imeacha kula umeme. Haijaacha. Saa ya dashibodi inaenda, kontrol boksi inatunza kumbukumbu zake, alamu imekaa macho, kuna kifaa kinachosubiri kusikia rimoti, na saivi wengi wamefunga na GPS ya kufuatilia gari. Gari isiyo na tatizo lolote inakula kama miliampea 20 mpaka 50 ikiwa imelala. Tuchukue 40 tupige hesabu: mara saa 24 unapata karibu ampea-saa 1 kwa siku. Betri ndogo za NS40 zilizojaa kwenye IST, Vitz na Passo zetu hizi zina kama ampea-saa 35. Kwa hiyo wiki tano imekauka kabisa, lakini haingoji kukauka, ikishafika nusu starta inaanza kulalamika, na nusu unaifikia wiki ya tatu. Hapo ni betri mpya, na ni bila kuhesabu kwamba betri inajiishia yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, na joto linaharakisha hilo, na sisi joto hatukopi kwa mtu.

Betri kuisha ingekuwa sio kesi kama ungeichaji ikarudi. Kesi ni kwamba betri ya risasi ikikaa imeishiwa, sahani zake zinaota salfeti, mwanzoni laini ambayo ukichaji inayeyuka, ikikaa wiki nyingi inakomaa inakuwa ngumu na sehemu hiyo ya sahani imekufa. Ndo maana unakuta mtu kanunua betri, katumia miezi mitatu, kasafiri, karudi betri haishiki chaji, anaanza kumtukana muuza duka kwamba kauziwa feki. Inawezekana ni feki kweli, ila mara nyingi ameiua mwenyewe kwa kuiacha tupu. Na shemeji akiwa na funguo ndo balaa zaidi maana anakaa ndani jioni anachaji simu na kusikiliza mpira, Coastal Union wakicheza usiku betri inaumia dakika tisini na za nyongeza.

Dawa yake rahisi mno. Spana namba 10, legeza terminali ya hasi, itoe kwenye nguzo yake, ifunge na kitambaa isirudi kugusa. Anza na hasi siku zote, kwa sababu ukianza na chanya halafu spana ikagusa bodi ni cheche, maana bodi yote ya gari ni hasi. Kama utaweza, itoe betri yenyewe uiweke ndani mahali pakavu, ichajiwe kila baada ya miezi miwili. Ukiwa na kamita kadogo ka umeme huna haja ya kubahatisha: volti 12.6 kwenda juu imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 imeisha na inaendelea kuharibika wewe ukiangalia. Ile habari ya kwamba betri ikiwekwa juu ya simenti inanyonywa chaji ilikuwa na ukweli wake zamani makasha yalipokuwa ya vitu vinavyopitisha unyevu, hizi za plastiki iweke popote. Na kabla hujachomoa hakikisha una funguo ya kawaida ya chuma inayofungua mlango, maana kuna watu wamejifungia betri ndani ya gari ambayo inafunguka kwa rimoti tu, na rimoti bila betri ni pambo. Saa itapotea na redio itasahau stesheni, sio mwisho wa dunia.

Wenye haibridi, yani Aqua, Prius na wenzao, nyie mna betri mbili na ile kubwa huichaji na chaja ya dukani, inachajiwa na gari yenyewe ikiwa inatembea. Toyota wenyewe kwenye vitabu vya magari hayo wanasema iendeshwe angalau kila baada ya miezi michache kwa dakika 30 hivi au kilomita 16. Kwaiyo haibridi kama unaondoka mwaka mzima na hakuna wa kuiendesha, mimi kwa maoni yangu iuze tu, betri kubwa ikifa, kwa gharama yake utatamani ungetafuta gari nyingine.

Sasa chumvi. Hapa ndo ninapogombana na video za YouTube, maana Mzungu anakufundisha kulaza gari kwa ajili ya baridi kali, maji yasigande kwenye rejeta, sijui theluji. Rejeta ya Raskazone itaganda lini? Adui wetu sisi ni upepo. Kaskazi ikivuma Desemba mpaka Machi inatoka baharini, kusi ikishika zamu baada ya hapo nayo inatoka baharini, na yote inabeba vichembe vya chumvi vidogo usivyoviona mpaka upitishe kidole kwenye kioo asubuhi. Chumvi yenyewe ikiwa kavu haina shida kubwa. Shida ni kwamba chumvi inavuta maji kutoka hewani, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 chumvi ya kawaida inaanza kuyeyuka yenyewe hata kama hakuna tone la mvua, na chumvi ya bahari ina vitu vingine ndani yake vinavyovuta maji hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Tanga asilimia 75 unaipata usiku na alfajiri karibu mwaka mzima. Maana yake chuma chenye chumvi hakikauki, kimevalishwa kamchuzi ka chumvi muda wote, na kutu inafurahi.

Ndo maana gari iliyokaa Sahare karibu na ufukwe na iliyokaa Pongwe au Muheza haziwi sawa hata kama ni pacha. Ukiwa na ndugu mwenye uwanja mbali na bahari hivi, Muheza, Korogwe, mpelekee gari, ni msaada kuliko dawa yoyote utakayonunua.

Kama inabaki mjini, ioshwe kabla ya kulala, na sehemu ya muhimu ni chini, sio juu. Juu kuna rangi inajilinda. Chini kuna nati, mabomba ya breki, springi, sehemu ya ndani ya matairi ambapo matope yamejikusanya, na tope lenye chumvi linashika unyevu wiki nzima. Peleka sehemu wana shimo au lifti wapige maji ya presha chini kote. Ila uliza maji yanatoka wapi. Visima vingi vya karibu na bahari maji yake yana chumvi, sasa unakuta umelipa hela ili gari ioshwe na chumvi zaidi. Maji ya bomba, au yaonje mwenyewe usione aibu. Ukimaliza kuosha usiingize gari bandani ikiwa imelowa, zunguka nayo robo saa hivi ukikanyaga breki mara kwa mara ili diski zikauke. Baada ya hapo kuna wanaopuliza oili chini, wengine wanatumia grisi nyepesi au dawa za kopo, zote zinasaidia ilimradi usipake kwenye diski, pedi wala mpira.

Afu lile turubai la bluu. Watu wanalipenda kweli, gari inafunikwa inafungwa kamba kama maiti haitakiwi kuonekana, mtu anaona ameitunza. Turubai la plastiki halipumui, unyevu unaotoka ardhini unapanda unaingia chini yake unakaa humo, jua likipiga kunakuwa na joto na mvuke, usiku kunapoa yanakuwa maji juu ya bodi. Upepo ukitikisa, vumbi lililo chini ya turubai linasugua rangi mpaka inapoteza mng'ao. Banda lenye paa na pande zilizo wazi kidogo lisilopigwa na upepo wa baharini moja kwa moja ni bora mara kumi bila kifuniko chochote. Kama ni lazima kufunika tafuta kava la kitambaa linalopitisha hewa, hata mashuka ya pamba mazito yanafanya kazi ndani ya banda.

Usiegeshe kwenye majani wala udongo mtupu kama kuna simenti au kokoto, udongo unatoa unyevu usiku kucha na masika ndo usiseme. Chini ya mwembe kuna utomvu, popo na maembe yenyewe. Chini ya mnazi sina haja ya kueleza, nazi kavu ikitoka juu ikatua kwenye kioo cha mbele utaelewa. Na kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu ambao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakatapakaa pwani yote, kinyesi chao kikikaa juani kwenye rangi siku chache kinaacha alama ambayo polishi haitoi.

Ndani ya gari adui ni ukungu. Toa kila kitu, kapeti zianike juani, kombo la biskuti la mtoto chini ya siti litafute. Kabla ya kuzima AC kwa mara ya mwisho, izime lakini acha feni ipulize dakika kadhaa ili kukauke kule ndani, la sivyo ukija kuwasha inakupulizia harufu ya soksi. Makaa ya kawaida kwenye beseni mbili sakafuni yanavuta unyevu kidogo na harufu, yabadilishwe. Vioo, kama banda lina paa zuri na geti linafungwa, acha upenyo mwembamba hewa ipite, mwembamba kweli ili panya asione njia.

Panya sasa. Wanaingilia chini, wanapanda kwenye injini, na gari isiyowashwa ni nyumba ya bure. Wanatafuna waya, wanatafuna sponji ya boneti, wanajenga ndani ya kava la filta ya hewa. Waya zikitafunwa fundi umeme anaanza kutafuta kitu asichokiona na wewe unalipa kila siku anayotafuta. Usihifadhi mahindi, pumba wala nazi kwenye banda la gari, hilo ndo la kwanza na linashinda mitego yote. Ziba mdomo wa filta ya hewa kwa kipande cha wavu wa chuma, ziba ekzosi kwa kitambaa kikavu, lakini funga utepe mwekundu kwenye usukani uwe unakumbusha kwamba kuna vitu vimezibwa. Vile vidonge vyeupe vya kabatini wanavyoweka watu vinasaidia kiasi ila harufu yake itakusindikiza mpaka uuze gari. Paka ni bora, japo naye atalala juu ya boneti.

Wese. Petroli haikai milele, zile sehemu zake nyepesi zinazosaidia kuwaka haraka zinatoroka, na zilizobaki zinashikana na oksijeni zinaanza kutengeneza gundi. Kwa joto letu, mpaka miezi mitatu huna wasiwasi, sita inaanza kuwa nzito kuwaka, mwaka unakuta ina harufu ya vanishi na imegandisha nozeli, zile zinazopulizia petroli ndani ya injini. Kinachowachanganya watu ni kwamba uache tenki tupu au limejaa. Jaza. Tenki lililojaa halina nafasi ya hewa, na hewa ndo inaleta oksijeni na unyevu, kwa wenye tenki la chuma nafasi hiyo tupu ndo inayoota kutu ndani kwa juu halafu vumbi la kutu linashuka kwenye pampu. Halafu pampu ya mafuta ya gari hizi inakaa ndani ya tenki, inapenda kuzama. Kuna dawa ya kopo ya kuongeza petroli maisha, ukiipata iweke kabla ya kujaza kisha endesha kidogo ifike mpaka kwenye nozeli. Dizeli inavumilia zaidi ila maji yakiingia wadudu wadogo wanazaliana kati ya maji na dizeli wanatengeneza utelezi unaoziba filta, kwaiyo nayo jaza.

Oili badilisha kabla ya kulala na sio baada. Watu wanaona ni hasara kuweka oili mpya halafu gari ikae, lakini oili iliyotumika ina asidi na unyevu, hutaki hivyo vikae juu ya beringi miezi minane. Kwenye rejeta, kama unatumia maji ya bomba kama nusu ya Tanga inavyofanya, mwaga, suuza, weka kulanti. Sio kwa ajili ya kuganda, ni kwa sababu kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na maji matupu yaliyotulia yanakula njia za ndani ya injini na pampu ya maji.

Breki: usiache handibreki imevutwa. Pedi au viatu vya breki vinagandia kwenye diski au ngoma kwa kutu, siku ukija gari haisogei, na ukilazimisha unang'oa. Weka gia, au P kama ni otomatiki, halafu zuia matairi kwa mawe mbele na nyuma. Mafuta ya breki nayo yananyonya unyevu, kama yamepita miaka miwili yabadilishwe.

Tairi zinalala upande mmoja na kuwa bapa. Wiki chache bapa hiyo inanyooka ukitembea kilomita kadhaa, miezi mingi hainyooki. Jaza upepo mpaka PSI 40 hivi ilimradi usipite kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na kama kuna mtu wa kuisogeza gari robo mzunguko kila mwezi inatosha kabisa. Kuipandisha juu ya stendi ni vizuri zaidi, stendi za chuma, zikae kwenye ekseli au sehemu zilizotengenezwa kubeba. Tofali za bloku HAPANA, bloku yenye matundu inapasuka bila taarifa na kuna siku mtu atakuwa chini. Ukiweka mbao chini ya tairi angalia mchwa, nimeona mbao imeliwa yote tairi imekaa juu ya unga. Na kabla hujahangaika kuzitunza tairi soma namba nne za mwisho za DOT ubavuni, 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi ya zamani hivo wala usiitunze.

Makaratasi ni mafupi. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwaiyo gari iliyolala haikudai hiyo. Bima ndogo haikulindi gari ikiungua au ikiibiwa ikiwa bandani, kubwa ndo inalinda, fikiria kabla hujaiacha iishe. Gari isiachwe pembeni ya barabara kwenye maegesho ya kulipia, deni linapanda kimyakimya. Kadi ya gari ondoka nayo au mwachie mama, usiiache kwenye dashibodi.

Siku ya kurudi usifike na begi mkononi ukawasha. Fungua boneti kwanza, tafuta kiota, tafuta waya zilizotafunwa, pitisha mkono kwenye mikanda na hozipaipu uone kama zimepasuka. Angalia chini kama kuna kilichovuja. Toa vitambaa na wavu wa filta, usisahau ule wa ekzosi. Oili, kulanti, mafuta ya breki, upepo wa tairi. Betri ichajiwe kwa chaja mpaka ijae, usibusti halafu ukategemea alteneta (ile inayozalisha umeme gari ikiwaka) iijaze, alteneta imetengenezwa kurudisha kilichotumika kuwasha, haikutengenezwa kufufua betri iliyokufa, unaweza kuipika.

Kabla ya kuwasha chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi la fyuzi, halafu piga starta sekunde tano, pumzika, rudia mara mbili tatu. Bila mafuta haitawaka, ila pampu ya oili inazunguka inapandisha oili juu kwenye sehemu zilizokauka. Rudisha fyuzi, washa, acha injini bila kukanyaga resi mpaka taa ya oili izime na mlio utulie. Moshi kidogo na tiktik za sekunde chache ni kawaida, taa ya oili isipozima zima gari. Sogea mbele na nyuma kidogo hapo uani, kanyaga breki, sikiliza. Diski zitakuwa na kutu nyekundu na zitakwaruza, breki kadhaa za taratibu zinaisafisha. Kama petroli imekaa zaidi ya miezi sita na gari inakohoa, usimalize tenki lote nayo, nyonya upunguze, weka mpya juu yake. Siku hiyo ya kwanza tembea mjini tu, speed ndogo, barabara za namba za Ngamiani zinatosha, rudi nyumbani, chungulia tena chini ya gari kama kuna tone jipya. Barabara kuu ya Segera subiri kesho yake.